Tiara Iliyoandama Badala ya Mwezi

Kwanza nikiri mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine: Ramadhani iliyopita, pale nusu ya mji wa Amu (ninyi wa bara huuita Lamu) ilipotaka kula Idd siku moja kabla ya Idd, mkosa alikuwa mimi, mimi na karatasi ya sanduku la majani ya chai, na hata leo nikipita mtaa wa Langoni kuna akina mama wanaonichungulia dirishani wakiulizana kama leo nimeleta mwezi au nimeleta jua.

Mambo yalianza na gazeti. Bwana Famau, fundi wa milango ya nakshi (akishika patasi humtoi hapo hata nyumba yake ikiwaka), aliletewa vyuma vyake kutoka Mombasa vimefungwa kwa kurasa za gazeti la Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye msomi wa mtaa (darasa la saba, na la sita nililirudia, lakini hilo halikuulizwa) akaniita nimsomee. Palikuwa na picha ya kitu cha mviringo kikielea juu ya paa, na maneno kwamba Wazungu wengi wameviona vyombo kama hivyo vikipita angani, na kwamba wako wasemao wenye vyombo hivyo walishuka duniani zamani za kale wakawafundisha watu kujenga. Nusu niliielewa, nusu nikaitunga huku nikijidai nasoma. Nilipomaliza Bwana Famau akaweka nyundo chini, akatazama upande wa mashambani, akasema sasa amemjua aliyelijenga lile gofu lenye nguzo ndefu nyuma ya mji, ambalo hakuna anayekumbuka lilikuwa la nani.

Mkabala wa karakana yake pana duka la Ami Aboud, kaka yake baba, mtu ambaye haiamini hata mizani yake mwenyewe mpaka apime mara mbili. Ami aliyasikia hayo akaja mbio na kijiko cha sukari mkononi. Akasema gofu lile limejengwa na babu zetu, kwa chokaa na mawe ya pwani na jasho lao, na ni aibu mtu kumnyang'anya babu yake nyumba akampa mtu wa mbinguni asiyemjua hata jina. Basi Ramadhani nzima ikawa hiyo ndiyo kazi ya baraza baada ya alasiri, huyu asema walishuka, yule asema mlete mmoja nimuone, na kila siku Ami alimalizia kwa neno lile lile, kwamba yeye huliamini jicho lake tu, na Bwana Famau alijibu kwamba hilo jicho lingefaa kununuliwa miwani kwanza.

Mimi nilikuwa upande wa Ami, na hapo ndipo penye balaa, kwa sababu yote niliyoyafanya niliyafanya kumsaidia. Nikawaza hivi: nikimrushia Bwana Famau chombo cha angani, akakiamini, akapiga kelele mbele ya watu, kisha nikakishusha kikaonekana ni tiara ya mtoto wa shule, maneno yatakwisha na Ami atanipa halua mpaka nichoke. Nikaenda dukani kwake nikabandua ile karatasi ya kung'aa iliyomo ndani ya sanduku la chai, nikaunda tiara ya mviringo kwa njiti za makuti, nikaitia mkia wa kipande cha leso kuukuu ya mama. Kilichobaki ni mashahidi. Na ni siku gani watu wote wa Amu huwa juu ya mapaa, macho upande mmoja? Ishirini na tisa ya Ramadhani, magharibi inapoingia. Nilijifurahia sana kwa kulifikiri hilo. Nilijua wamepanda kutafuta mwezi, lakini nililijua vile mtu anavyojua hesabu aliyoikariri bila kuielewa.

Siku yenyewe ilipofika nikajibanza ndani ya gofu, adhana ikasikika, nikafungua kwa tende moja na maji ya chupa, nikaiachia tiara. Kaskazi ilikuwa bado inavuma kidogo, tiara ikapanda kwa madaha, ikainama, na ukingo wake mmoja ukaushika wekundu wa magharibi, mwembamba, umepinda, unameta. Nikangoja kumsikia Bwana Famau. Badala yake nikasikia sauti nyingine, nzito, kutoka paa ninalolijua, ikisema umeandama, kisha paa la pili likapokea, la tatu, watoto wakaanza kupiga madebe, na mimi (huu ndio ujinga wenyewe, sikilizeni) nikafurahi, nikageuka kuutafuta huo mwezi na mimi niuone, nikatafuta huku, nikatafuta kule, mbingu yote haikuwa na kitu ila tiara yangu.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba mwezi walioushangilia ni huo wangu. Nikavuta uzi mpaka ukanikata vidole, nikaikunja tiara nikaisokomeza ndani ya kanzu, nikakimbia kurudi mjini, na kila hatua ile karatasi ikilia tumboni kama mtu anayekanyaga majani makavu. Nilipopita kwetu nikaona mama ameshachinjisha kuku wawili, manyoya yako mlangoni. Wale kuku mpaka leo naona haya kuwakumbuka.

Barazani kwa Kadhi watu walikuwa wamejaa, na aliyesimama mbele kutoa ushahidi, kanzu nyeupe, kofia imenyooka, alikuwa Ami yangu Aboud. Wengine kama kumi nao walidai kuuona, lakini Kadhi alipowauliza mmoja mmoja ikatokea kwamba walichokiona ni kidole cha Ami kikionyesha. Kwa hiyo ushahidi wote ukamwangukia yeye, na watu wote wa Amu walijua kwamba Bwana Aboud hasemi ameona kitu ambacho hakukiona.

"Pembe zake zilielekea wapi?" Kadhi akamuuliza.

"Yuu, Bwana Kadhi." Ami akasita. "Kisha kando."

"Mwezi uligeuka?"

"Ulitikisika. Kidogo."

Pale Bwana Famau akaomba ruhusa. Nikajua anakuja kusema ni chombo cha wageni wake, na kusema kweli nusu ya moyo wangu ilitamani aseme hivyo, watu wamcheke, mimi nipone. Lakini Bwana Famau alisema hivi: "Bwana Kadhi, mimi tangu nisomewe lile gazeti hutazama yuu kila siku, nikingoja kuona chombo. Na mwenye kungoja hutazama sawasawa. Kile hakikuwa mwezi, wala hakikuwa chombo. Kilikuwa na mkia, na mkia una maua."

"Maua ya nini?"

"Ya leso."

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akamwambia akae na jamaa zake wa mbinguni awaachie Waislamu mwezi wao. Bwana Famau akajikunyata, na Kadhi akamgeukia Ami kumwapisha, nami nikaona wazi mambo yanakokwenda: mji mzima ungekula mchana wa saumu, Ami angekuwa ameapa uongo bila kujua, na mtu pekee aliyesema kweli angerudi nyumbani anachekwa. Nikinyamaza, Ami yangu ameshinda. Nikisema, nimemvua nguo mbele ya mji. Nikasogea mbele kidogo, karatasi ikalia tumboni, Kadhi akauliza ni nini hicho kinacholia, nami nikaingiza mkono kifuani nikakitoa, kimekunjamana, mkia unaning'inia na maua yake yote.

"Ndio huu mwezi, Bwana Kadhi," nikasema. "Nimeushusha."

Kadhi akaushika ule mkia, akautazama, mabega yake yakaanza kutikisika, akajifunika uso kwa kilemba, na alipocheka yeye kila mtu alicheka, isipokuwa Ami. Ami alitoka bila kunitazama.

Hukumu ikawa tutimize thelathini, na mimi nifuatane na mpiga mbiu mtaa kwa mtaa, yeye apige pembe, mimi nitangaze kwa mdomo wangu kwamba kesho ni saumu na kilichoonekana ni tiara yangu. Mpiga mbiu wetu ni mzee asiyesikia vizuri, kila mara akiniambia sijasema bado, nirudie. Tangu mtaa wa kwanza, Mkomani, nilirudia. Kutoka madirishani nilijibiwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, mengine kuhusu mama yangu, na mojawapo lilitoka kwa mama yangu mwenyewe, aliyeuliza kwa sauti kubwa huyu ni mwana wa nani.

Tulipofika mlangoni kwa Ami nikateremsha sauti, nikasema haraka, nikataka kupita. Mzee akanishika kanzu: "Hujasema." Mlango ukafunguka, Ami akatoka, kofia mkononi, akasimama kando yangu.

"Sema yote," akaniambia. "Sema pia aliyeuona ni Aboud."

Nikasema siwezi, Ami. Basi akalisema mwenyewe, kwa sauti ile ile nzito ya paani, na hakurudi ndani, akafuatana nasi mpaka Langoni, mimi nikitangaza tiara na yeye akitangaza jicho lake, na kufika mtaa wa mwisho tulikuwa tunacheka sote watatu, ingawa sidhani mzee alijua tunacheka nini. Kabla ya kulala Ami aligonga kwa Bwana Famau. Sijui walisemezana nini, lakini kesho yake alasiri, wote wawili midomo mikavu kwa saumu niliyowaongezea, walikuwa barazani wakigombana upya kuhusu gofu, Ami akishikilia babu zetu, Bwana Famau akimuuliza kama hao babu amewaona kwa jicho lile lile.

Nami nimeapa mbele ya mama, na mama ameshika Msahafu kunishuhudia, kwamba sitarusha tiara tena ishirini na tisa ya Ramadhani. Ishirini na nane hakuitaja, nami sikumkumbusha.