Baba Mkwe wa Miaka Minne

Niliyemwonea wivu alikuwa na umri wa miaka minne, alivaa kaptula yenye tundu matakoni, na alikuwa mwanangu. Nasema hili mapema ili msomaji asipoteze muda kunitafutia heshima.

Nilikuwa nimerudi Kindu kutoka chuo kikuu kule Kisangani na shahada ya saikolojia, abakosi moja ya kijivu, ile suti isiyovaliwa tai, na hakika kwamba nafsi ya binadamu haikuwa na jipya la kunionyesha. Nilipewa kazi ya kufundisha vijana waliojiandaa kuwa walimu wa shule za msingi. Kila asubuhi, baada ya kupandisha bendera na kukiimbia chama sifa zake, nilichora ubaoni nyumba yenye vyumba vitatu. Chumba cha nyuma, niliwaambia, ndimo inamokaa tamaa. Inapiga mlango mateke na kudai kila kitu sasa hivi. Katika chumba cha mbele amekaa mzee mkali mwenye fimbo, ambaye ni sauti ya baba zetu tuliyoimeza tukiwa wadogo. Katikati anaishi mtu mnyonge anayejaribu kuwapatanisha hao wawili na bado atoke nje akiwa amechana nywele. Mwanafunzi mmoja aliuliza choo kiko wapi. Nilimjibu kwamba hilo ni somo la wiki ijayo, na kwa kweli lilikuwa.

Somo nililolipenda zaidi lilihusu mtoto wa kiume wa miaka mitatu hadi mitano. Katika umri huo, nadharia inasema, anamtaka mama awe wake peke yake, na humwona baba kama mtu aliyeingia nyumbani kwa makosa. Humchukia, humwogopa, na mwishowe, akishashindwa, huamua kufanana naye. Hapo ndipo yule mzee wa chumba cha mbele anapozaliwa. Nadharia hii ilikuwa na uzuri mmoja mkubwa kwangu: mwenye wivu ni mtoto. Basi mwanangu alipofikisha miaka minne nilinunua daftari, kaye kama tunavyosema kwetu, nikaanza kumsubiri.

Alizaliwa wakati serikali imetuvua majina ya ubatizo na kutuagiza turudi kwa mababu. Mke wangu hakuhitaji kuagizwa mara mbili. Alimpa mtoto jina la baba yake mwenyewe, aliyekuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Kwetu anayepewa jina la mtu hupewa na nafasi yake. Tangu siku ile mwanangu aliitwa Papa, yaani baba, kwa sauti ambayo mimi nilikuwa nimeisikia mara ya mwisho wakati wa uchumba. Mimi nikawa “mwalimu”, kama darasani. Papa alinawishwa kwanza. Papa aliulizwa kama chumvi inatosha. Papa alilala katikati yetu, amenyoosha mikono kama askari anayeongoza magari, kidole kimoja puani mwangu.

Halafu mama mkwe akaja kututembelea kutoka Kibombo, na kikapu cha mchele na kuku wawili. Mimi nilikulia katika nyumba ambamo firigisi ya kuku ilikuwa ya baba, bila mjadala, na nadhani nilivumilia utoto wangu wote kwa ajili ya firigisi hiyo. Jumapili ile ilipita mbele ya sahani yangu, ikatua kwa mwenye kaptula.

Mama mkwe hakunitazama usoni, wala mimi sikumtazama. Ndiyo heshima baina ya mtu na mama wa mke wake. Alizungumza nami kwa kupitia mtoto, ambaye kwa jina lile alikuwa mume wake.

“Bwana yangu,” alimwambia, macho yake yakiwa kwenye mchele, “uulize mukwe yako kama njo vile anatafunaka kila siku.”

Kwenye daftari niliandika kwamba mtoto ameonyesha dalili za ushindani wakati wa chakula.

Siku ya tatu nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, ameshika kalamu yangu, anachora bata juu ya dalili zake mwenyewe. Niliinua mkono nimpige kofi.

“Bwana yangu,” mama mkwe alisema kutoka mlangoni, bila haraka, “umwambie huyu muntu: hatupigake bakwe.”

“Hatupigake bakwe,” mtoto akaniambia, akarudi kwenye bata wake.

Kutoka jikoni nilimsikia mke wangu akicheka, akajifanya anakohoa. Hapo nilielewa kwamba mzee mwenye fimbo alikuwa amehamia nyumbani kwangu kweli, ila alikuwa bado na meno ya utoto.

Kesho yake mchana niliwakusanya mke wangu na mama yake, nikatoa somo. Nilieleza kwamba mtoto aliyegandamana na mama yake hawezi kukomaa, kwamba kutengana ni hatua ya lazima, na kwamba mwaka mmoja Kibombo kwa nyanya yake ungemfaa sana. Sijawahi kufundisha vizuri kama siku ile. Mama mkwe alimwambia mume wake kwamba hana kipingamizi, akaanza kukunja nguo za mtoto. Mke wangu alichukua daftari langu, akaenda nalo uani, akarudi baada ya saa nzima.

“Nimesoma kaye yako yote,” alisema. “Nilitafuta wivu ya mutoto, sikuiona. Iko ya weye tu, tangu ukurasa wa kwanza.”

Nilimweleza kwamba maandishi ya kitaalamu hayasomwi hivyo.

“Muzuri. Weye njo mutaalamu, weye njo utamwambia kama anaenda. Mimi sitamwambia.”

Nikamfuata mtoto uani alikokuwa akiosha miguu, nikachuchumaa. Nilikuwa nimeandaa maneno ya faraja. Nikiri yote: nilikuwa nimeandaa na shingo, kwa sababu nilitegemea ataning'ang'ania. Nilimwambia kwamba ataondoka na nyanya yake kwa treni, na mimi na mama yake tutabaki. Aliuliza kama Kibombo kuna bata. Nikasema wapo. Alifikiri kidogo, akasugua kisigino.

“Muzuri,” alisema. “Weye ubakie na mama. Umuchunge muzuri.”

Nilichokitaka kwa miaka minne nilipewa pale uani, kwa utulivu, jinsi baba mkwe anavyomkabidhi kijana binti yake. Hakulia. Hakuuliza nitamkumbuka au la. Nilibaki nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi, nikimwonea wivu mwanamke wa zaidi ya miaka sitini aliyekuwa ndani akifunga kikapu.

Siku ya safari treni ilichelewa kama ilivyozoea, tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Mtoto alilala mapajani mwa nyanya yake. Nilipojaribu kumhamishia kwangu ili mama mkwe apumzike, alinisukuma akiwa bado usingizini. Watu walipoanza kupanda, nilimshika makwapani nikamvuta. Nikasema kwamba nimelitafakari tena suala hili, kwamba umri huu ni mgumu, kwamba nadharia yenyewe haijakubaliana.

“Bwana yangu,” mama mkwe alisema, mguu mmoja tayari kwenye ngazi, “uulize mukwe yako nani anakukataza.”

Mtoto akaniuliza kwa macho tu.

“Ni mimi,” nikasema. Wala sikuongeza neno, na kwa mtu wa kazi yangu hilo si jambo dogo.

Treni iliondoka na kikapu bila mtoto. Alilia siku mbili. Hakumlilia mama yake, wala mimi sikutajwa. Alimlilia bibi yake wa Kibombo, uso ameugeuzia ukutani, na kila aliyemgusa alipigwa teke bila ubaguzi. Siku ya pili mchana mke wangu alikaa kwenye mkeka, mikono mitupu, akimtazama mgongo.

“Yule mwanamuke alimupa nini?” alisema, akimsema mama yake mzazi kama mtu anayemsema jirani mwizi.

Nilijibu kwamba sijui. Nikakaa kando yake, tukautazama ule mgongo wote wawili, na baada ya muda akaniegemea.