Siku Mdogo Wangu Alipopimwa Shuleni

Mwalimu mkuu wa shule ya misheni, kule kwetu Tarime, alitaka kumrudisha mdogo wangu nyumbani. Alisema ni mjinga, akiulizwa hajibu. Mama akakataa. Kwa kuwa alijua Kikurya tu, alinichukua mimi, binti yake wa darasa la tatu, nimtafsirie. Nilikwenda nikijificha nyuma ya mama, maana mwalimu yule sote tulimwogopa.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Mama anaomba umpime kwanza, kabla hujamfukuza."

Alinikazia macho mpaka nikadhani atanichapa. Kisha akamgeuza mdogo wangu atazame ukuta, akasimama nyuma yake na kugonga kengele ya shule. Mimi niliruka. Mdogo wangu hakutikisika. Mwalimu akamwandikia hesabu sita kwenye kibao, naye akazipata zote.

"Huyu si mjinga," mwalimu akasema taratibu. "Hasikii. Kuanzia leo atakaa mbele, aone mdomo wangu."

Nilipomwambia mama hayo, akauliza kama iko shule ya watoto wa namna hiyo. Nikatafsiri.

"Sijui," mwalimu akajibu.

Hofu ikanirudia, safari hii kwa ajili ya mdogo wangu, lakini nikamfikishia mama jibu lile kama lilivyo. Akamshika mdogo wangu mkono, akaenda kumkalisha mwenyewe kwenye dawati la mbele.