Pingamizi la Mwenye Nyumba Wangu

Nilijifunza jinsi sheria inavyotungwa kwa sababu mwenye nyumba wangu wa Temeke alitaka kuoa mke wa pili.

Shule niliiacha darasa la tano, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuhama: mashamba ya mkonge, bandarini, popote penye jambo nisilolijua. Miaka ile ya Ujamaa nilipanga chumba cha uani kwa mzee huyo. Siku ambazo bandarini hawakunihitaji, nilikwenda mjini kukaa Bungeni, kwenye viti vya wageni, kusikiliza. Hapakuwa na kiingilio, na palikuwa na feni.

Jioni moja, kwenye mkutano wa tawi la Chama, tulisomewa waraka wa Serikali kuhusu ndoa. Serikali ilipendekeza kwamba mume akitaka kuongeza mke, yule wa kwanza awe na kauli. Wanaume tukaguna. Wanawake, waliokaa mkekani upande wa pili, walipiga vigelegele mpaka mwenyekiti akagonga meza. Mama mwenye nyumba alipiga kuwashinda wote, macho kwa mumewe.

Mumewe alikuwa ameshaposa. Mjane mmoja wa Kipawa, mwenye kibanda cha chai na maandazi, alikwisha kumkubali. Ilibaki kupanga siku ya kufunga ndoa tu, na siku hiyo mzee alikuwa akiisogeza mbele kila mwezi kwa kumwogopa mkewe. Sasa aliona balaa kubwa zaidi: mkewe na Serikali wamekaa upande mmoja.

"Bwana mdogo," akaniambia, "wewe unayeshinda huko kwa waheshimiwa, hilo jambo litakuwa sheria lini?"

"Kwanza utapelekwa muswada Bungeni, mzee. Halafu usomwe mara tatu."

Mpangaji mwenzangu, mwalimu Mkristo kutoka bara, alikuwa akipiga pasi shati lake barazani. Akadakia: "Mara tatu? Hayo ni kama matangazo ya ndoa kanisani. Padri anasoma Jumapili tatu mfululizo. Mwenye pingamizi anasimama, anasema. Asiposimama mtu, imepita hiyo."

Mzee hakuwa amewahi kukanyaga kanisani, lakini maneno yale yalimwingia kuliko hotuba ya Ijumaa. "Wiki tatu nzima!" akasema. "Basi nitaoa katikati, baada ya kusomwa mara ya pili. Ya tatu itanikuta bwana harusi."

Muswada ulipofika Bungeni nilikuwapo. Katibu alisimama, akasoma jina la muswada, akakaa. Nikarudi kutoa habari.

"Jina tu?"

"Jina tu, mzee."

"Watu wazima, na suti zao?" Alicheka mpaka akaninunulia kahawa na kashata.

Siku ya kusomwa mara ya pili alitaka kujionea mwenyewe. Alivaa kanzu iliyonyooka, koti na kofia ya kiua, tukapanda basi la mjini. Waziri alieleza muswada kwa urefu, kisha wabunge wakaupokea kama wali wa shughuli, kila mmoja na mkono wake. Mmoja akasema nyumba yenye wake wawili haikosi chumvi. Mbunge mwanamke akasimama kumuuliza kama haikosi na usingizi. Mzee akanikanyaga mguu: "Huyo mama anamjua mke wangu?"

Baadaye Spika alishuka kitini, Bunge zima likageuka kamati, wakaanza kupitia kifungu kimoja kimoja, hapa waongeze neno, pale waondoe. Mzee alisinzia. Spika aliporudi kitini, Katibu akasimama tena, nami nikamwamsha mzee.

"Wanausoma mara ya tatu."

"Leo leo?"

"Leo leo."

"Na zile wiki?"

Kabla sijajibu alikuwa wima, kofia mkononi. "Mie nina pingamizi!"

Ukumbi mzima uligeuka. Askari wawili walimtoa kwa kumshika makwapa, taratibu, wakiionea huruma kanzu. Nje mmoja akamuuliza, "Shikamoo mzee. Wewe ni mbunge wa wapi?"

"Mie mwenye nyumba, Temeke."

"Basi kapingie nyumbani kwako."

"Nyumbani siwezi," akasema mzee.

Nikamuuliza askari yule kama sasa ndiyo imekwisha. Akasema bado. Rais hajatia saini, haijachapwa kwenye Gazeti la Serikali, na hata ikichapwa hutajwa siku ya kuanza kutumika. Mzee akavaa kofia yake. "Kumbe mlango haujafungwa!" Hatukurudi Temeke. Tulikwenda moja kwa moja Kipawa.

Mjane alikuwa akikanda unga. Mzee akamwambia wafunge ndoa Ijumaa hiyo hiyo.

"Mbona mbio, bwana? Mwaka mzima ulikuwa unasema bado."

Mzee, kwa furaha, akamweleza yote: saini, gazeti, na kwamba sheria ikishaanza, mke aliyeko nyumbani ataweza kuweka pingamizi mume akitaka kuongeza mwingine.

Mjane akaacha kukanda. "Mke yeyote aliyeko?"

"Yeyote."

"Na mie nikishakuwa mkeo, nitakuwa naweza?"

Mzee akanitazama. Nikasema nadhani ataweza.

"Basi niache nisikie kwanza ikitangazwa redioni," akasema. "Mwanaume anayekimbia hivi kumkwepa wa kwanza, wa tatu ameshamwona. Na huyo mkeo akipinga, mie sitagombana naye. Kunyweni chai."

Tulikunywa chai. Tukarudi kwa miguu kupitia Kiwalani, mzee mbele, mikono nyuma. Karibu na reli akasimama.

"Hivi, sheria ikitakiwa kufutwa, nako wanasoma mara tatu?"

"Ndiyo, mzee. Na Rais atie saini."

Akafikiri kidogo. "Basi twende tu," akasema, "chakula kisije kikapoa, nikaulizwa nilikuwa wapi."