Kitabu Nilichosema Nimesoma

Mimi ni mwalimu wa misioni hapa Nyamitaba, na haya bado inanichoma. Padri alituletea kitabu kipya, hadithi ya wapagazi wa pembe za ndovu katika karne iliyopita, wakati wa mababu. Dominiki, kisha misa, nikajisifu mbele ya watu: "Nimekisoma chote!"

Mama Bahati, mujane wa Walikale aliyekuja kumuona binti yake, akaniuliza polepole: "Mwalimu, baba yangu walimubebesha pembe, hakurudi. Jina lake iko mule ndani?"

Ningeweza kusema sijui. Lakini watu wote walikuwa wananitazama.

"Iko, Mama."

Dominiki ya tatu alirudi na watoto na wajukuu, kwa miguu kutoka porini, wamevaa nguo za Noeli. Yeye hajui kusoma.

"Utuonyeshe pale iko."

Nikafungua kitabu. Karatasi zilikuwa bado zimeshikana kandokando, vile zilivyotoka kwenye mashine. Hakuna mutu aliyekuwa amezikata apate kusoma ndani. Padri aliona. Mama Bahati pia aliona. Akatoa kisu chake cha kumenyea ndizi, akanipa.

"Kata, Mwalimu. Tutangojea."