Nani Atanicheka Huko

Mke wangu hakukataa kwenda Mtwara. Aliuliza swali moja tu, akiwa anafunga sufuria ndani ya kanga kuukuu: "Na nikifa huko, nani atanicheka?"

Sisi ni Wazaramo, na watani wetu wakubwa ni Wanyamwezi. Kwetu msiba usio na mtani ni msiba wa mtu asiyejulikana. Wenye msiba wanalia, na mtani anavaa nguo za marehemu, anatembea kama alivyokuwa akitembea, anataja uchoyo wake mbele ya watu, kisha analala mlangoni jeneza lisipite mpaka apewe kuku. Mama yake mke wangu alizikwa hivyo, na mke wangu hakuwa akifikiria namna nyingine ya kuzikwa.

Nilimjibu kwamba Mtwara kuna kazi, na penye kazi Wanyamwezi hawakosi. Nilisema hivyo ili amalize kufunga mizigo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya arobaini. Waingereza walikuwa wanajenga bandari na reli kwa ajili ya karanga walizotaka kulima bara, na mafundi walitafutwa kila mahali. Mimi nilikuwa seremala. Nilisoma mpaka darasa la nne, nikajua kupima na kusoma mchoro, basi. Tulikwenda kwa meli, yeye akitapika njia nzima. Mji tuliodhani tutaukuta haukuwapo. Palikuwa na vichaka vilivyofyekwa, mahema, malori, na mchanga ulioingia mpaka kwenye ugali. Tulipanga chumba mtaa wa Chikongola, katika nyumba ya udongo na makuti ya mzee mmoja wa Mikindani aliyeona mapema kwamba watu watahamia huku.

Chumba cha pili alikaa mjane wa Kimakonde, mtu wa kijiji kilicho karibu na mdomo wa Ruvuma. Alikuwa akichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini, na kuwauzia vibarua. Siku ya kwanza niliwasikia kupitia ukutani.

"Hicho ni chakula au kuni?" mke wangu aliuliza.

"Chakula cha watu wanaofanya kazi. Nyinyi mmezoea kulala chini ya mnazi mkingoja nazi idondoke."

"Afadhali nazi. Nasikia nyinyi mnakula panya."

"Panya wa shambani, shoga. Msafi kuliko mumeo."

Baada ya hapo walikwenda kisimani pamoja kila asubuhi. Mke wangu alibeba debe kichwani, mkono mmoja kiunoni, akilalamika kwamba maji yana chumvi. Ming'oko alikuja kuila, ingawa hakukubali kwamba ni tamu.

Kazini kwetu walikuwapo Wanyamwezi wawili. Niliwaleta nyumbani wakala, wakamtania mke wangu mpaka akafurahi. Kisha wakahamishiwa kwenye kazi ya reli, huko bara, nasi hatukuwaona tena.

Mvua za mwaka wa pili zilimkuta mke wangu na homa. Alilazwa hospitali, akarudi, homa ikarudi pia. Mjane alikaa naye mchana nikiwa kazini. Mara kadhaa niliporudi niliwasikia wakicheka, nikiingia wananyamaza. Nilidhani ni mambo ya wanawake.

Alikufa asubuhi. Mzee mwenye nyumba alishughulikia kila kitu: sanda, waoshaji, jeneza la msikitini. Nilimtuma mwenzangu wa kazini akatafute Mnyamwezi yeyote bandarini. Alirudi peke yake. Nikakaa mkekani pamoja na wanaume. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona mke wangu. Walikuja kwa kuwa ni wajibu, wakasoma walichosoma, wakanipa pole kwa adabu. Ulikuwa msiba wa heshima. Nilichowaza ni lile swali lake tu, na jibu nililompa.

Ndipo mjane alipotoka ndani. Alikuwa amevaa kanga ya mke wangu, ile yenye doa la korosho, debe kichwani na mkono kiunoni. Alikohoa mara moja, kama mke wangu alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema.

"Kata yangu ya kichwani kachukua nani? Mji gani huu! Maji chumvi, watu chumvi!" Akasimama mbele ya mikeka ya wanaume. "Na nyie mmekaa tu kama viazi. Mume wangu akikosa nazi kwenye mchuzi hasemi neno, anatoka nje kupigilia misumari. Kiti kina misumari mingi kuliko mbao!"

Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Mzee mwenye nyumba aliinuka.

"Wewe mwanamke, umerukwa na akili? Maiti iko ndani!"

"Maiti ndiye aliyenituma, mzee wangu."

Mzee akanigeukia. "Bwana fundi, huyu ni mtani wenu?"

Wote walinitazama. Kusini kote watu wanajua utani, na mtani hafukuzwi msibani. Neno moja lingetosha.

"Hapana," nilisema. "Wazaramo na Wamakonde hatuna utani."

Mzee akamshika mkono ili amtoe. Mjane alishusha debe. Sauti yake sasa ilikuwa ya kwake mwenyewe.

"Alinifundisha yeye. Kila siku namwigiza pale kitandani, nikikosea ananitukana. Alisema huyu bwana wake hatapata mtu wa kumcheka."

Hata hilo la misumari, basi, lilikuwa lake. Nikasema, "Mzee wangu, si mtani wetu. Lakini naomba aendelee."

Mzee hakumwachia mara moja. "Ukimruhusu leo, utani umeuanzisha wewe. Huyu akifa, wewe ndiye utakayekwenda. Unajua kucheka watu, wewe?"

"Sijui."

"Haya." Akauachia mkono.

Jeneza lilipoinuliwa mjane alikuwa amejilaza mlangoni. "Hatoki mtu! Nataka kuku, na si kifaranga cha Kizaramo kinachosinzia!" Kuku akaletwa. Watu walicheka sana, hata wale waliokuja na mzee kutoka Mikindani, na mimi nilicheka. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Karanga hazikuota kama Waingereza walivyotaka. Gati lilipokwisha kujengwa mafundi wengi walirudi makwao, na kaka yangu aliagiza nirudi. Sikurudi. Watu walidhani nimefungwa na kaburi, lakini kaburini nilikuwa nikienda kwa nadra. Nilikumbuka alichosema mzee, na nilijua kwamba nikiwa mbali sitawahi mazishi ya mjane. Nikawa natengeneza milango na vitanda. Mjane alipita kila siku na sinia lake la ming'oko, akiuliza kama nimeshajifunza kucheka. Nilimjibu bado.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea mwisho alipougua na kurudishwa kijijini kwake. Dereva wa lori aliniletea habari kwamba hali yake ni mbaya. Niliondoka naye, nikashuka njia ilipoishia, nikaenda kwa miguu katikati ya mashamba ya mpunga mpaka mikoko ilipoanza kuonekana. Nilifika akiwa amekufa alfajiri hiyo, bado hajatolewa. Mwanawe mkubwa alikuja kunipokea.

"Karibu, baba. Wewe ni nani kwetu?"

"Mtani wa mama yako."

"Kabila gani?"

"Mzaramo."

Alinitazama kwa huruma. "Baba, Wamakonde na Wazaramo hawana utani."

"Hawana. Mimi na mama yako tunao."

Sinia la mjane lilikuwa limeegemezwa ukutani. Nililichukua, nikaliweka kichwani, nikaanza kutembea uani kwa mwendo wake, magoti yakigeukia nje kidogo. Nilizunguka ua mara nyingine.

"Ming'oko!" nilisema. "Chakula cha watu wanaofanya kazi! Njooni mle, panya wameisha, nimewamaliza mimi!"

Ndani, upande wa wanawake, kikongwe mmoja alicheka, kisha mwingine. Nikaweka sinia chini, nikaenda kujilaza mlangoni.