Fundo la Mtungi

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na madukani kukajaa soda za kila rangi, watu walimwambia Regina wa Bigwa kwamba biashara ya togwa sasa basi. Regina alicheka tu. Kizuri chajiuza, na togwa yake ilijiuza kweli: alishuka stendi ya mabasi ya Msamvu asubuhi na ndoo mbili, abiria wa bara wakamzunguka kabla hajatua, na kufika saa nne ndoo zilikuwa tupu. Sukari nayo, iliyokuwa ikipangiwa foleni zamani, ilipatikana tele, lakini yeye hakutia hata kijiko. Alisema togwa inayohitaji sukari imepikwa na mvivu.

Mumewe, Agustino, mpaka leo akisikia harufu ya kimea hugeuka kuutafuta mtungi. Kazi yake ilikuwa moja, kufunika. Regina alipika uji, akaupoza, akatia kimea cha mtama, kisha Agustino akafunika mtungi kwa jani la mgomba na kuufunga kwa kipande cha kanga, akikaza kwelikweli. Regina hakumwamini mtu mwingine kwa fundo lile, naye Agustino alijivuna kana kwamba amepewa ukatibu kata.

Ndiyo maana Regina alipogusa donge kwenye titi la kushoto, alimwendea mfunga mitungi wake. Walishauriana wawili tu, kwa aibu, mlango umefungwa. Wakakata shauri kwamba kinachokua kina uhai, na chenye uhai kikikosa hewa hufa. Basi kila asubuhi, kabla ya kujitwika ndoo, Agustino alimfunga kifua kwa kanga. Wakaendelea hivyo miezi minane. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini nani huwakumbuka wahenga akiwa na aibu?

Walipokwenda hospitali hatimaye, daktari alikuwa binti mdogo aliyewaamkia shikamoo kabla ya kuwauliza lolote. Alitazama alama za fundo kifuani.

"Mama, kanga haizuii hewa ya donge. Hewa hiyo huletwa na damu. Ila donge likikua upesi, damu haifiki vizuri katikati, na seli za huko hukosa hewa kweli."

"Zikafa," alisema Agustino kwa matumaini.

"Baadhi hufa, baba. Nyingine hubadili ulaji. Huvunja sukari bila hewa, na kwa kuwa njia hiyo inazipa nguvu kidogo, huila kwa pupa na kuacha uchachu pale zilipo. Kisha huita mishipa mipya ya damu. Hizo zilizozoea dhiki mara nyingi ndizo sugu."

Regina alimgeukia mumewe akitabasamu. "Baba Irene, hiyo si togwa?"

Daktari alikiri kwamba inafanana. Agustino alitazama mikono yake. Miaka ishirini alikuwa amefunika mtungi, na hakuna asubuhi hata moja aliyokuta kilichofunikwa kimekufa. Aliona haya kuliko siku zote za maisha yake.

"Kanga haikulikuza," daktari alisema kwa upole. "Tulichopoteza ni miezi."

Regina akaandikiwa kwenda kutibiwa Dar es Salaam. Asubuhi ya safari, Regina alipika mtungi mmoja, akasema huo ni wa kumpokea yeye. Agustino alisita kuufunga.

"Funga, baba Irene. Na usijilaumu. Lile fundo nililitaka mimi. Huu usiufungue mpaka nirudi."

Alirudishwa baada ya siku kumi na tisa, ndani ya jeneza, akazikwa palepale Bigwa chini ya mlima.

Waombolezaji walipotawanyika, Agustino alikaa mbele ya mtungi. Alihangaika sana na fundo lake mwenyewe. Alipoondoa jani akaona vipovu vidogo bado vinapanda, kimoja kimoja. Siku zote zile, gizani, togwa ilikuwa hai.

Akachota kikombe. Ilikuwa kali mpaka machozi yakamtoka, naye akashukuru kwa kisingizio hicho. Akachota tena.