Vipele vya Habiba

Shemeji yangu Mwanawetu analima mpunga huku Maparoni. Kaka yangu alipofariki hakurudi kwao. Alibaki na shamba na binti yake, Habiba. Ni mwanamke wa maneno mengi na mizaha.

Mwaka juzi Habiba alianza kuchoka ovyo, homa haziishi, ufizi unatoka damu. Hospitali ya Mchukwi wakampima, wakatuhimiza twende Dar es Salaam. Huko tukaambiwa ni saratani ya damu, ile ya watoto, na kwamba inatibika.

Kati ya dawa zake ilikuwepo sindano moja ambayo Mwanawetu aliipenda kuliko zote. Daktari alisema seli za ugonjwa zina chakula chao ambacho haziwezi kujipikia, hukiokota kwenye damu. Dawa hii hukimaliza chakula hicho, nazo zinakufa njaa.

Sindano za mwanzo zilipita salama. Iliyofuata, Habiba akatokwa na vipele shingoni. Sisi tumelelewa kwamba mtoto wa surua hufunikwa ili vipele vitoke vyote, maana vikirudi ndani ndiyo hatari. Basi Mwanawetu akamfunika gubigubi, akaniambia kwa furaha kwamba ugonjwa unatoka. Muuguzi hakuambiwa. Punde kifua cha mtoto kikaanza kukoroma, midomo ikavimba. Nikakimbia kuita watu. Walimwahi, alhamdulillahi.

Daktari hakutugombeza. Alieleza kwamba dawa ile inatokana na bakteria, na mwili wa Habiba umeitambua kuwa ni mgeni, unaipiga vita. Haitarudiwa. Ipo ya bakteria mwingine, ila ni adimu, ingeagizwa. Isipopatikana, ugonjwa ungeweza kurudi. Tukawa tunaisubiri. Mwanawetu akapoteza mizaha yote.

Siku zile akaja wodini Kheri, kijana mtafiti wa Kimatumbi. Alikuwa anawaomba wazazi ruhusa ya kutumia damu inayobaki baada ya vipimo. Akafungua kompyuta, tukaona picha ya dawa ile, kama kamba iliyojisokota. Kusikia ni Mmatumbi, mtani wetu, shemeji akafufuka.

“Wewe Mmatumbi, dawa unaipikia kwenye kioo? Mwanangu atakilamba?”

“Hapa nachora tu, mama. Nyie Wandengereko mna haraka, mpunga haujaiva mshatwanga.”

Akatuonyesha. Katikati ndipo dawa inapofanyia kazi, hapaguswi. Vipande vya nje ndivyo askari wa mwili wanavyovitambua. Kompyuta inajaribu kuvibadili kwa maelfu ya namna, kutafuta umbo ambalo mwili hautalishtukia na kazi ya dawa isiharibike. Machache yanayofaa yatatengenezwa, yapimwe na damu ya watoto kama Habiba.

“Na mwanangu ataipata hiyo?”

Kheri akaacha kucheka. “Hapana, mama. Hii bado miaka mingi. Yeye tumwombee ile iliyoagizwa.”

Shemeji akaivuta karatasi ya ruhusa. “Basi damu chukua. Ila andika kwamba vipele vilianzia shingoni, na mimi nikavifunika. Asije mama mwingine akafunika.”

Dawa ikafika. Siku ya sindano feni ilikuwa inazunguka, Habiba akaomba kanga. Mama yake akakataa. Akamvua gauni, akawa anamkagua shingo, mgongo, viganja, anarudia tena shingo.

“Mama, unanihesabu mbavu?” mtoto akalalamika.

Muuguzi alikuja, akaondoka, akaja tena. Ngozi ilibaki safi. Kufika adhuhuri Habiba alikuwa anadai wali kwa kamba.

Sasa tuko nyumbani. Bado anameza vidonge na kliniki anakwenda, lakini ugonjwa hauonekani tena kwenye vipimo. Kheri alipiga simu karibuni kusema umbo moja walilolitegemea limeshindwa, damu imelitambua. Shemeji akamjibu achore jingine, Wamatumbi hawana kazi nyingine.

Habiba amerudi darasani. Juzi alimpiga mwenzake uwanjani, mwalimu akamwita mzazi. Nilimwona Mwanawetu akienda kuomba radhi, amevaa baibui lake la sikukuu, anacheka peke yake njiani.